Piga Tu: Juu ya Uoshaji na Uhifadhi wa Gari Lisilo na Paa

Gari la porini lisilo na paa, yaani lile ambalo juu ya vichwa vya abiria lina turubai la kukunjwa au halina kitu kabisa, lilibuniwa na watu ambao usafi haukuwa miongoni mwa mambo yaliyowakosesha usingizi. Jeep, iliyoanza kutumiwa na jeshi la Marekani mwaka 1941, ilioshwa na askari waliopewa amri ya kuiosha, na Land Rover, iliyooneshwa hadharani kwa mara ya kwanza mjini Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948, ilikusudiwa mkulima wa Uingereza, ambaye kwake matope kwenye gari yalikuwa ushahidi kwamba mwenyewe hakushinda kitandani. Bodi yake iliundwa kwa aluminiamu kwa sababu chuma kilikuwa adimu baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, na rangi ya kijani ya magari ya mwanzo ilitokana na akiba ya kijeshi iliyobaki, kwa hiyo hata urembo wake ulitegemea kilichosalia ghalani. Lilipofika Tanganyika na Kenya liligawiwa mabwana shamba, mapolisi na mabwana nyama, nalo likaoshwa na mvua. Tatizo linalojadiliwa hapa lilianza baadaye, pale gari hilo lilipoangukia mikononi mwa mtu binafsi mwenye mapenzi, mwenye ndoo, na mwenye majirani.

Kwa gari la kawaida kuosha ni shughuli yenye mpaka, kwa kuwa milango ikifungwa na vioo vikipandishwa, maji hubaki nje na mazulia hubaki ndani, kila kimoja kwa heshima yake. Gari lisilo na paa halina mpaka huo. Ni beseni lenye magurudumu, na kila kinachomwagwa juu yake hakina pa kwenda isipokuwa miguuni mwa dereva. Jambo hili ni dhahiri kwa yeyote anayelitazama gari lenyewe, lakini mwenye gari, anapofika kwa waosha magari wa pembezoni mwa barabara jijini Arusha, mara nyingi halitazami. Huwa ameketi kwenye benchi akibishana kwa simu juu ya bei ya saruji au kikosi cha Jumamosi, na hapo ndipo kijana mwenye bomba la mashine ya presha humuuliza kwa adabu zote, “Bosi, na ndani nipige maji?” Naye, bila kuinua macho, hujibu, “Piga tu.”

Gharama ya jibu hilo haijulikani siku hiyo. Mashine ya presha, ambayo ni pampu inayosukuma maji kupitia tundu jembamba ili yatoke kwa nguvu ya kubandua tope kavu, haibagui tope na waya, na katika gari la aina hii waya hauko mbali. Land Rover Defender ya zamani, kwa mfano, huweka betri chini ya kiti cha mbele, mahali pafaapo kabisa kwa mtu asiyetarajia kwamba kiti kitamwagiwa maji. Sponji ya kiti nayo hunywa maji kwa siri: ngozi ya juu hukauka kwa jua la saa moja, ilhali ndani mna maji ya kutosha kumpokea abiria wa kesho kutwa, ambaye hupanda akiwa mkavu na kushuka akitembea kinyumenyume kuelekea ukutani.

Honi ndiyo huanza ukorofi. Katika magari mengi ya zamani, kubonyeza honi ni kugusanisha waya na mwili wa gari ili umeme upate njia ya kurudi kwenye betri, na njia hiyo ya umeme huitwa saketi. Maji na kutu vikijikusanya ndani ya nguzo ya usukani, saketi hujifunga yenyewe bila kidole cha mtu, hasa usukani unapozungushwa upande fulani. Dereva hugundua kwamba gari lake hulia kila likikata kulia, na badala ya kutafuta fundi wa umeme siku ileile, huanza kupanga safari zake zote kwa kukata kushoto. Mpango huo hufanikiwa mpaka siku ya msiba, ambapo maegesho yako upande wa kulia, waombolezaji wamenyamaza wakimsikiliza shekhe, na gari linaingia likijitangaza.

Watengenezaji hawakulisahau kabisa suala la maji yanayoingia. Sakafu za magari mengi ya aina hii zina matundu ya kutolea maji, yaliyozibwa kwa vizibo vya mpira vyenye upana wa bakuli dogo la pilipili, na utaratibu sahihi ni kuinua mazulia, kung’oa vizibo, kuosha kwa maji yasiyo na nguvu nyingi, kufuta, kusubiri pakauke, kisha kurudisha kila kizibo mahali pake. Hatua ya mwisho ndiyo inayowashinda wengi. Kizibo cha mpira ni kitu kidogo, cheusi, chenye manufaa yasiyo na idadi, na kikiachwa chini kwenye kituo cha kuoshea magari kwa nusu saa hupata kazi nyingine: huenda kikaziba dumu la mafuta ya taa, au kikawa gurudumu la gari la mtoto, ambalo angalau litaoshwa kwa uangalifu zaidi. Mwenye gari hurudisha mazulia juu ya tundu lililo wazi na kuondoka akiwa ameridhika.

Athari za upungufu huo huonekana kwa ukamilifu pale mama mkwe anapokuwa safarini. Heshima inadai akae mbele, na kiti cha mbele ndicho kilicho juu ya tundu. Gari likiingia kwenye dimbwi, gurudumu husukuma maji ya tope juu kupitia tundu, zulia huinuka kama lililoitwa jina lake, na kanga mpya hupata nakshi ambayo haikuwa kiwandani. Dereva hawezi kutazama, kwa kuwa si adabu, hawezi kucheka, kwa kuwa ana mke nyumbani, na hawezi kueleza habari za vizibo kwa sababu maelezo yangelazimu kuonesha lilipo tundu. Husema, “Pole, mama.” Hujibiwa, “Nimeshapoa, baba,” kwa sauti ambayo haijapoa hata kidogo.

Wako wanaokwepa mashine ya presha kwa kulipeleka gari mtoni au ziwani, kama ilivyozoeleka kwa miaka mingi ufukweni Lwang’ni, Kisumu. Kwa upande wa Tanzania, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kibinadamu zilizo za kudumu au zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa, lakini hata asiyejali sheria angepaswa kuijali difu, yaani lile bumba la chuma katikati ya ekseli lenye meno ya kugawa nguvu kwa magurudumu. Difu iliyotoka safarini ni ya moto, na ikizamishwa ghafla katika maji baridi hewa iliyo ndani yake husinyaa na kuvuta maji kupitia sili zilizochoka. Oili hugeuka kuwa povu jeupe, na gari lililoingia ziwani kuoshwa nje hutoka likiwa limeoshwa mpaka matumbo.

Vumbi ni adui wa namna nyingine, kwa kuwa lenyewe haliharibu mpaka mtu aamue kulifuta. Gari linapokwenda huacha nyuma yake pengo la hewa yenye mgandamizo mdogo, na vumbi lililotimuliwa na magurudumu hukimbilia humo, ndiyo sababu abiria wa nyuma hubadilika rangi wakati dereva anashangaa wanakohoa nini. Udongo wa kaskazini mwa Tanzania una asili ya volkano na chembe zake ni kali. Mwenye gari anayeamka alfajiri na kuanza kuipangusa boneti kwa kitambaa kikavu, akiimba, huwa anaipiga msasa. Inafaa kwanza kumwaga maji mengi kuanzia juu kwenda chini, kisha kutumia sponji laini na shampuu ya gari, na kuiacha sabuni ya unga ifue nguo, kwa sababu huondoa nta, ambayo ndiyo tabaka jembamba linalokinga rangi dhidi ya jua na kinyesi cha ndege.

Kuna pia magadi. Vumbi na tope la kandokando ya Ziwa Natron, na la ziwa lililo ndani ya kreta ya Ngorongoro, lina chumvi zilezile ambazo mpishi huzitumia kulainisha maharage, na aluminiamu hailingani na maharage kwa ukaidi. Wenye Land Rover hupenda kujisifu kwamba bodi zao hazishiki kutu, na kwa maana finyu ni kweli, kwa kuwa kutu ni ugonjwa wa chuma; lakini aluminiamu huliwa na magadi, na pale inapokutana na bolti ya chuma penye unyevu wa chumvi, metali hizo mbili hufanya kazi ya betri, aluminiamu ikijitoa mhanga na kuacha unga mweupe chini ya rangi iliyovimba. Isitoshe, chesisi, yaani uti wa mgongo unaobeba bodi nzima, ni ya chuma na ina uwazi ndani, na tope huingia kwa matundu yake na kukaa humo misimu kadhaa bila kulipa kodi. Mtu anayesugua boneti saa mbili na asipitishe bomba ndani ya chesisi dakika tano amewafurahisha majirani tu.

Turubai linahitaji subira ambayo wenye gari wengi wamekwisha kuimalizia kwenye boneti. Turubai la pamba hukinga mvua kwa sababu nyuzi zake huvimba zikilowa na kuziba nafasi kati yao, pamoja na msaada wa dawa ya kuzuia maji iliyopakwa juu yake. Likifuliwa kwa sabuni kali dawa hutoka, na likikunjwa bichi huota ukungu wenye harufu ambayo abiria huidhania kuwa ni ya mwenzake. Madirisha yake ya plastiki hukwaruzika kwa kitambaa kikavu na kugeuka manjano kwa jua, hata dunia ikionekana kupitia humo daima ina homa.

Hata hivyo, turubai lililotunzwa vizuri kuliko yote ni lile lililoachwa nyumbani. Mwenye gari lililotoka kuoshwa hupenda lionekane, na anga la asubuhi humpa moyo. Mvua humkuta baada ya Makuyuni, akielekea Mto wa Mbu. Hapo hugundua kanuni ya kupendeza: gari likienda kwa mwendo mzuri, hewa inayopanda kioo cha mbele hubeba matone na kuyapitisha juu ya vichwa vya walio mbele, ambao hubaki wakavu na kujiona mabingwa, ilhali walio nyuma hupokea mgao wote. Bahati mbaya, penye makazi kuna kibao cha kilomita 50 kwa saa, na baada ya kibao kuna trafiki. Askari huyo, akiwa ndani ya koti zuri la mvua, huinua mkono, na gari likisimama mvua nayo hushuka wima. Huomba leseni, akaisoma pande zote mbili, akauliza kizima moto kiko wapi. Hakuna dereva aliyewahi kuonekana amejitayarisha kuzima moto kuliko huyu.

Usiku gari huhitaji kufunikwa, na kifuniko huleta mambo yake: kikifungwa juu ya vumbi hupeperushwa na upepo na kusugua rangi mpaka asubuhi, na kisipofungwa, kuku hupanda. Kuku wa jirani aliyegundua kiti cha nyuma harudi tena kwenye tenga lake, na hapo huzuka mjadala wa kisheria kama mayai ni ya mwenye kuku au ya mwenye kiti.

Fundi wa mtaani ana tiba moja kwa maradhi yote ya chini ya gari, nayo ni oili chafu, yaani oili iliyokwisha kutumika kwenye injini, inayopulizwa kwa kompresa kwenye chesisi. Ni kweli kwamba huzuia kutu kwa muda. Ni kweli pia kwamba hulainisha na kuvimbisha bushi za mpira, hunasa vumbi na kujenga ukoko mpya, na hudondoka. Hudondokea kibaraza, kuku aliyetajwa, na suruali ya mgeni aliyeinama kuitafuta sarafu yake. Afadhali kuosha, kukausha kwa siku mbili, kisha kupaka nta maalumu ya chesisi ndani na nje, kazi inayochosha na isiyoonekana na mtu yeyote aliyesimama wima.

Na isipoonekana haina bei. Siku gari linapouzwa, dalali hulizunguka, hupiga magoti, huigonga chesisi kwa spana na kusikiliza, kwani chuma kizima hulia na kilicholiwa hutoa sauti ya kifua cha mgonjwa. Chesisi hulia vizuri. Dalali huinuka, hujipangusa magoti yasiyo na vumbi, na kusema kwa mashaka makubwa, “Mzee, hili limeoshwa sana. Kuna kitu kimefichwa.” Bei hushuka palepale, wakati gari la jirani, la umri uleule na lenye tope la miaka mitatu, husifiwa kwamba halijaguswa. Ndiyo maana wapo wenye magari ambao, kabla ya mnunuzi wa pili kufika, hulitoa gari kwa siri na kulipitisha barabara ya vumbi kilomita chache, wakikata kushoto.