Jinsi ya Kuiua Simu ya Mgeni Mlimani Kolo

Karibu Kolo, ndugu mtengeneza tovuti. Mgeni wa michoro ya miambani ya Kondoa, iliyoingia Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2006, huanzia hapa: anapita ofisi ya mambo ya kale, anapewa mtu wa kumwongoza, kisha safari ya mlimani. Tuseme umepewa kazi ya kumtengenezea ukurasa wa picha. Zionekane papo hapo, na zibaki kwenye simu pia, maana huko miambani si vyema kutegemea mtandao. Picha inashuka kama mkondo mmoja wa data. Wanaoutaka ni wawili, kioo na akiba. Fuata maelekezo haya, uwanyime wote.

Anza kwa kusoma jibu la fetch mara mbili. Mpe kioo, kisha rudi uchote tena kwa ajili ya akiba. Kivinjari kitakutupia TypeError, kwa kuwa mwili wa jibu husomwa mara moja tu. Unakumbuka clone, ile ya kunakili jibu? Iite sasa, baada ya kusoma, upate TypeError nyingine. Usihangaike kusoma makosa hayo yanasema nini. Yafunike kwa catch tupu, ukanywe chai. Akiba itabaki tupu na hakuna atakayejua mpaka mgeni afike juu.

Mwenye uzoefu atakushauri uite clone mapema, kabla hujagusa chochote, au utumie tee, mkondo ugawanyike matawi mawili. Ushauri ni mzuri, kwa hiyo kuuharibu kunataka ustadi. Gawa, kisha soma tawi moja tu. La pili liache, “tutalishughulikia baadaye.” Tee hufuata mwendo wa msomaji mwenye haraka; yale ambayo mzembe hajayachukua hurundikwa kwenye kumbukumbu ya simu, bila kikomo. Ni koki moja ya kijiji iliyofunguliwa kwa kasi ya mwenye pipa, na maji ya mwenye kikombe yanamsubiri sebuleni kwako. Picha ndogo hazitakuumbua, ndiyo maana majaribio yote utayafaulu ukiwa Dodoma mjini, na kompyuta yako nzuri. Weka video ndefu, umpe mtu mwenye simu ya bei nafuu, halafu utazame.

Kama unatoka kwenye Node.js, njoo na mazoea yako yote. Kule ukiunganisha chanzo kimoja na wapokeaji wawili kwa pipe, anayeamua mwendo ni yule mvivu, na wote humsubiri. Ukidhani tee nayo iko hivyo, umefuzu.

Bado bando. Mgeni akichoka na kufunga picha, ghairi tawi la kioo pekee. Chanzo hakikatiki mpaka matawi yote mawili yaghairiwe, kwa hiyo tawi la akiba likiwa bado linasomwa, data itaendelea kushuka kwa gharama yake; likiwa halisomwi, lile rundo litabaki kwenye kumbukumbu ya simu.

Sasa kama kwa bahati mbaya unataka ukurasa ufanye kazi: mgeni akiwa bado ofisini, hifadhi picha zote kwanza, kisha kioo kisome kutoka kwenye akiba. Kwa picha za Kolo, tee huihitaji.