Shangazi Ndani ya Ndege

Uso bado unaniwaka. Ndege ilikuwa haijaondoka KIA, mhudumu kasimama kando ya kiti changu: "Kaka, naomba uzime mitandao kwenye laptopu." Nikatii. Nikabonyeza alama ya kindege, na papo hapo ujumbe wa sauti wa shangazi yangu wa Soni, niliokuwa nausikiliza kwa hedifoni, ukajaa ndege nzima: "...na yule mbuzi wa watu, baba, utamlipa lini? Suti unanunua, mbuzi hulipi!"

Mtambo wenyewe unastaajabisha. Alama ile inaua Wi-Fi na Bluetooth kwa mpigo. Hedifoni zangu hazina waya, uhai wake ni Bluetooth, nayo inabanana na Wi-Fi kwenye mawimbi yale yale ya gigahezi 2.4. Ili zisigongane, Bluetooth huhama kutoka mkondo mmoja hadi mwingine mara 1,600 kwa sekunde. Mara 1,600! Shangazi hajatamka hata "mbu". Na rubani hayumo katika msongamano huo. Yeye na mnara huongea kwenye megahezi 118 hadi 137. Sasa hedifoni zikikatika, simu nyingi hunyamaza kwa heshima. Laptopu yangu haina malezi hayo: ilihamia spika zake na kuendelea pale pale shangazi alipofikia. Nikapapasa kitufe cha kupunguza sauti, kikaja cha kuongeza. Mzee wa kiti cha jirani akaniinamia kwa upole: "Jike au dume?"

Dar begi langu halikufika. Kwenye teksi nikakalia miwani.

Hayo yatapita. Linalonikera ni kwamba ndegeni mtu aliyevaa sare alisimama akaniomba nizime mtandao. Kwetu Soni bondeni haombwi mtu, mtandao unajizimia wenyewe. Ili ujumbe ule uondoke, shangazi alipanda kilima na magoti yake yale, mkononi bando la siku alilonunua kwa bei ile ile ya mtu wa Kariakoo. Alipoupata mtandao, muda ulikuwa unayoyoma; usiku bando likafa na salio lake. Milima inayotuzibia mtandao haikuota jana. Wajerumani waliikuta wakajenga Wilhelmstal, ndiyo Lushoto yetu, na anayeuza bando anajua fika anamuuzia nani na wapi. Basi kwenye bando ahesabu zile saa tu ambazo mtandao ulikuwepo.

Nimewaandikia kampuni ya simu hivyo hivyo. Wamejibu kwa ujumbe wa kunikaribisha kununua kifurushi kipya.