Sifa za Goti Linalolia

Jumamosi asubuhi, soko la vyungu la Lyulilo, mwendo mfupi tu kutoka Matema, wilayani Kyela. Mitumbwi imefika kutoka Ikombe, na vyungu vya kina mama wa Kikisi vimepangwa mchangani, vikubwa nyuma, vidogo mbele. Bwana mmoja aliyevaa fulana ya timu ya mpira na kofia iliyogeuziwa kisogoni anachuchumaa ili achague. Goti la kulia linalia “ko!” La kushoto linaitikia. Muuzaji anafunga noti kwenye pindo la khanga yake, wala hainui uso.

“Shikamoo, baba.”

Fulana haikumsaidia kitu. Kofia ndiyo kabisa.

Watu wamezoea kulionea goti la namna hii. Hulichua kwa dawa, hulifunga bandeji, hulisema vibaya mbele za wageni, kana kwamba limekosa adabu. Kumbe ni mtumishi wa umma asiyedai mshahara. Linautangaza umri wa mwenyewe bila cheti cha kuzaliwa, bila foleni, bila mtu kuambiwa arudi kesho kwa sababu mtandao umekatika. Na huku, katika nchi ya Wanyakyusa, kazi hiyo ya kutangaza nani amekuwa mzee zamani haikuwa ya kiungo kimoja cha mwili. Ilihitaji nchi nzima.

Godfrey na Monica Wilson, waliofanya utafiti kwa Wanyakyusa kati ya mwaka 1934 na 1938, walieleza utaratibu ambao haukuwa na mfano mwingi duniani: vijiji vya rika. Wavulana wakifikia miaka kumi au kumi na mmoja walihama nyumba za baba zao, wakajijengea vibanda vyao kando. Chakula walikifuata kwa mama zao, kundi zima, leo kwa huyu, kesho kwa yule, lakini kulala walilala kwao. Wakakulia humo, wakaoa, wakaleta wake. Starehe ya kukaa na wenzako, kula nao, kunywa nao na kupiga nao soga waliiita ukwangala, na ndiyo maana kitabu alichokitoa Monica mwaka 1951 kinaitwa Good Company.

Kisha, kama mara moja katika kizazi, ilikuja ubusoka. Mioto yote ya zamani ilizimwa, moto mpya ukapekechwa kwa vijiti, vijana wakakabidhiwa nchi, wazee wakasogea pembeni kuwapisha. Chifu mzee naye hakutarajiwa kudumu sana baada ya hapo, jambo ambalo bila shaka lilifanya baadhi ya machifu wasiwe na haraka ya kuandaa sherehe. Uzee ulikuwa na siku yake, na ukifika uliwafikia wote wa rika moja kwa pamoja. Hapakuwa na wa kugeuza kofia kisogoni akajifanya hakusikia.

Siku hizi uzee huja kwa rejareja. Moto haupekechwi. Leo goti, mwezi ujao jicho, mwakani sikio, na kila mtu hupokea mzigo wake peke yake, kimyakimya, akidhani ni yeye tu. Hapo ndipo goti linapostahili sifa zaidi: miongoni mwa viungo vyote, ndilo pekee linalosema kwa sauti na mbele za watu, kama ubusoka yenyewe.

Wala si kweli kwamba goti likilia limeharibika. Daktari Donald Unger wa California alivialisha vidole vya mkono wake wa kushoto kila siku kwa zaidi ya miaka sitini, wa kulia akauacha, kisha akalinganisha. Hakuona baridi yabisi mkono wowote. Mwaka 2009 alipewa tuzo ya Ig Nobel, ile ya utafiti unaochekesha kwanza na kufikirisha baadaye. Goti linalouma na kuvimba ni habari nyingine, na la namna hiyo lipelekwe kwa mganga. Hili letu linalia tu.

Jicho halina ujasiri huo. Lenzi yake hukakamaa polepole tangu ujana, halafu miaka ya arobaini ikiingia, maandishi ya karibu yanaanza kuelea. Utafiti uliofanywa Kongwa, Dodoma, na kuchapishwa mwaka 2006 ulionyesha kwamba zaidi ya sita katika kila watu kumi wenye miaka 40 na zaidi walikuwa na tatizo hilo. Dawa ya kwanza ya kila mmoja ni kunyoosha mkono. Mkono ukiisha, mtu husema taa ni hafifu. Ndani ya Noah ya kwenda Matema mzee anaweza kuisogeza simu mbali hadi abiria wa kiti cha nyuma amsomee salio lake bila kuombwa. Hata hivyo jicho lina fadhila moja: mama aliyechambua mchele wa Kyela miaka thelathini, siku anaposema haoni vijiwe vizuri, ungo hukabidhiwa mkwe.

Sikio nalo huanza kwa kuacha sauti nyembamba za juu. Mwaka 2005, huko Wales, Howard Stapleton alitengeneza kifaa kinachotoa mlio wa juu mno wa kufukuza vijana wanaojazana mbele ya maduka. Vijana huusikia wakakereka, watu wazima hupita bila habari. Akakiita Mosquito. Kwa mkazi wa Kyela jina hilo ni kejeli, maana mbu halisi huvuma kwa sauti ya chini zaidi ya ule mlio, na babu asiyesikia anapoitwa kukata kuni anaweza kabisa kumsikia mbu mmoja aliyeingia ndani ya chandarua.

Turudi kwa goti, kwani bado halijamaliza. Goti hutabiri mvua. Watafiti wa Marekani walilichunguza dai hili kwa kupitia ziara zaidi ya milioni 11 za wazee kwa madaktari, na mwaka 2017 wakaandika kwamba hawakuona uhusiano wowote kati ya mvua na maumivu ya viungo. Goti la Matema halikuusoma utafiti huo. Kyela ni katika wilaya zenye mvua nyingi kuliko zote Tanzania. Mwezi Aprili, mawingu yakiwa yameilalia Milima ya Livingstone, goti likisema itanyesha, itanyesha. Mtabiri yeyote angeomba kuhamishiwa huku.

Lakini serikali hailisikii. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilimtambua mzee kuwa ni mwenye miaka 60 na kuendelea. Zanzibar, pensheni jamii iliyoanza mwaka 2016 kwa shilingi 20,000 kwa mwezi ilimtaka mtu awe ametimiza miaka 70. Kote huko hudaiwa karatasi. Bibi anayejua tu kwamba alikuwa binti wa kuchota maji Uhuru ulipopatikana hulazimika kueleza, kuapa na kuleta mashahidi, ilhali ushahidi umekaa chini ya gauni lake. Angeambiwa tu achuchumae na ainuke. Na ndugu zetu wa kofia kisogoni, wanaokereka kuamkiwa shikamoo sokoni, ndio hao hao ambao wakitimiza sitini hulijua dirisha la wazee hospitalini kabla ya kuulizia choo kilipo.

Pale Lyulilo, bwana yule alichagua chungu kikubwa cha nyuma. Aliweka mikono miwili magotini, akavuta pumzi, akainuka kwa “ko!” mbili na mguno mmoja. Kijana aliyekuwa akipita akakichukua chungu bila kuombwa. Muuzaji akataja bei, akamtazama mteja wake kwa mara ya kwanza, kisha akapunguza mia tano.

Bwana akalipa, akageuza kofia ikatazama mbele, akasema, “Marahaba.”