Mgeni Rasmi Haandikwi Jina

Katika nchi yetu, mtu anayebanwa na saa kuliko wote ni mtoto wa darasa la tatu. Sisi wengine tuna nafuu. Kadi ya harusi huandikwa saa moja kamili jioni, na aliyeiandika, aliyeipokea na hata mpiga picha wote wanajua kwamba maharusi wataingia ukumbini saa tatu. Mgeni rasmi akichelewa saa mbili nzima, anapokewa kwa ngoma na kuvishwa skafu. Mtoto wa miaka tisa akichelewa dakika tano, anapokewa na kiranja mwenye kalamu.

Mimi ni baba wa mmoja wa hao wanaopokewa na kiranja. Binti yangu anasoma shule ya msingi ya serikali hapa Dar es Salaam. Saa moja na nusu asubuhi inagongwa kengele, ambayo ni ringi ya gurudumu la lori iliyoning'inizwa kwenye mwembe, na kila mtu anatakiwa awe mstarini. Mwezi wa Julai jua la huku linachomoza kwenye saa kumi na mbili na nusu. Kwa hiyo mtoto wa mbali anaoga gizani, anavaa gizani, na akifika mstarini ndipo kiranja wa usafi anapogundua kwamba soksi moja ni nyeupe na nyingine ni ya baba.

Watu wa semina husema watoto huchelewa kwa sababu ya usingizi. Hao hawajalala kwetu. Binti yangu anaamka vizuri tu; shida inaanza anapokumbuka. Jioni ukimuuliza kama kuna kitu kinachotakiwa shuleni, atakuapia kwamba hakuna. Alfajiri, kiatu kimoja kikiwa mguuni na kingine mkononi, anasimama katikati ya sebule na kutangaza: "Baba, mwalimu alisema leo kila mtu aje na fagio la chelewa."

Fagio la chelewa ni kitu cha kawaida kabisa, mpaka ulitafute kabla ya saa moja asubuhi. Duka halijafunguliwa. Muuza mafagio bado yuko kwao anaota mafagio. La kwetu limekwisha hadi kubaki kishikio. Mama yangu, ambaye tunaishi naye, analo lake zuri alilotoka nalo Pangani, analifagilia uwanja mwenyewe na hataki liguswe. Siku hiyo mjukuu alilitupia jicho, bibi akaliweka nyuma ya mlango wa chumba chake na kusema, "Fagio langu haliendi shule. Lilishamaliza." Ikabidi nigonge kwa jirani, nikapewa la kwake kwa masharti mengi kuliko mkopo wa benki, na lilirudi jioni likiwa na nusu ya njiti zake. Wiki iliyofuata ikawa zamu ya kidumu cha maji. Iliyofuata, udongo wa kufinyangia.

Halafu kuna uji. Bibi haamini kwamba mtoto anaweza kujifunza chochote bila uji, na uji wake hauharakishwi. "Haraka haraka haina baraka," anasema, huku anaupuliza. Mke wangu naye, mkoba begani, anajibu kutoka mlangoni: "Chelewa chelewa, utakuta mwana si wako." Methali zetu ziligawana pande mbili tangu zamani, na nyumbani kwangu zinakutana kila asubuhi juu ya bakuli moja. Mtoto amekaa katikati, anakunywa taratibu na kusubiri nani atashinda. Kwa kawaida anashinda bibi.

Ukivuka bibi, unakutana na konda. Mwishoni mwa 2023 nauli za daladala zilipopanda, safari fupi ya mtu mzima ikawa shilingi 600, ya mwanafunzi ikabaki 200. Serikali ilifanya hivyo kwa huruma, na konda anajua hesabu: wanafunzi watatu wakipanda, kwake amepanda mtu mmoja, tena mwenye mabegi matatu. Ndiyo maana gari likisimama kituoni anaziba mlango kwa kifua na kupiga kelele: "Madenti wawili tu! Wawili!" Pale wapo wanafunzi ishirini. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 inamtaka mzazi ahakikishe mtoto aliyeandikishwa shule anahudhuria mpaka amalize. Juu ya kifua cha konda haisemi neno. Binti yangu, ambaye ni mwembamba, amejifunza kupita chini ya kwapa lake, na nadhani ndiyo elimu ya kwanza aliyoipata siku hiyo.

Getini yupo mwalimu wa zamu. Waliochelewa wanaandikwa majina, kisha wanapewa kazi: kuokota makopo, kumwagilia maua, kufagia chini ya mwembe. Wanapomaliza, kipindi cha kwanza kimeshapita. Yaani mtoto aliyelikosa somo kwa dakika tano anasaidiwa kulikosa kwa dakika arobaini. Niliwahi kumuuliza binti yangu kama adhabu ile inamuuma. Akafikiri kidogo, akasema maua anayapenda.

Ila yeye alikuwa na siri iliyomsaidia muda mrefu bila sisi kuijua. Tangu Januari 2016, serikali ilipofuta ada na michango, watoto walimiminika shuleni, na madarasa mengi yamejaa hadi dirishani. La binti yangu lina wanafunzi zaidi ya mia. Mwalimu akifungua daftari la mahudhurio na kuanza kuita majina kwa mpangilio wa alfabeti, ni safari. Kuna kina Abdallah peke yao dazeni. Jina la binti yangu linaanza na herufi Z. Kwa hesabu zake mwenyewe, ambazo hakufundishwa na mtu, akipenya nyuma ya ofisi na kuingia darasani mwalimu akiwa kwenye kina Salma, ana muda wa kukaa, kufuta jasho, kufungua begi na kuitikia "Nipo!" kwa sauti ya mtu aliyelala hapohapo. Daftari linaonyesha kwamba hajawahi kuchelewa hata siku moja.

Kisha akaja mwalimu mpya, mwanamke mfupi asiyepaza sauti. Asubuhi ya kwanza alilifungua daftari kutoka nyuma. Darasa zima la kina Z na kina Y likaonekana halipo. Binti yangu alirudi nyumbani amekasirika, akidai mwalimu hajui kusoma, anaanzia mwisho.

Lakini mwalimu huyo hakuishia kwenye kutega mitego. Kila siku, dakika kumi kabla ya kuita majina, alisimulia hadithi ya Sungura na Fisi, kipande kimoja tu, na alikikata mahali pabaya. Fisi ameingiza kichwa kwenye mtungi, nyayo zinasikika nje, mlango unafunguliwa. "Tutaendelea kesho." Hapo anachukua daftari. Aliyechelewa hakupewa adhabu yoyote. Alikaa tu kwenye dawati, na wenzake hawakumwambia nani alifungua mlango. Watoto ni wakatili, wanajua thamani ya habari. Binti yangu alijaribu kuinunua kwa andazi, akaambiwa bei ni maandazi mawili.

Tangu hapo sisi wengine hatujalala. Saa kumi na moja alfajiri, muadhini bado hajakohoa, mtu amesimama pembeni ya kitanda changu na sare kamili. Fagio, kidumu na udongo vinatajwa jioni mapema, kwa orodha. Uji unanywewa wa moto, bibi analalamika kwamba mjukuu wake atababuka koo. Masika mvua ilimwagika, barabara ikawa mto, nikamwambia leo pumzika. Akaniuliza kama nitakwenda mimi kumsikilizia Fisi. Alipopata homa ndiyo ilikuwa vita: mgonjwa analia anataka kwenda shule, wazima wanamshika. Hata Jumamosi moja tulimkuta getini kwetu amevaa viatu, akitulaumu kwamba nyumba hii haina haraka.

Baada ya hapo ndipo shule ilipoita kikao cha wazazi. Barua ilisema saa mbili kamili asubuhi, ajenda ya kwanza: uchelewaji wa wanafunzi. Binti yangu alinifikisha saa moja na nusu. Nilikuta viti. Saa tatu tulikuwa wazazi sita, saa tatu na nusu tukawa wa kutosha kulalamikiana, na saa nne na robo akaingia mgeni rasmi. Tulisimama, tukapiga makofi, watoto wakamwimbia. Alizungumza vizuri sana juu ya thamani ya muda. Kiranja mkuu alikuwa amesimama karibu na mlango na daftari lake la wachelewaji. Niliona alivyomtazama mgeni, akatazama kalamu, kisha akamtazama mwalimu mkuu, ambaye alitikisa kichwa.

Mzazi mmoja alisema viboko vimepungua mno. Mwingine akasema ni simu. Ndipo mwenyekiti wa kamati akamwomba yule mwalimu aeleze ni kwa nini darasa lake linaongoza kwa mahudhurio. Mwalimu akasimama, akasema kwa sauti yake ndogo, "Nikiwamalizia hadithi leo, kesho watakuja kufanya nini?" Akaomba ruhusa, ana kipindi, akaondoka.

Katibu aliandika kwenye muhtasari: "Walimu wahimize mahudhurio." Kisha tukapanga kikao kijacho. Mwenyekiti alipendekeza barua iandikwe saa kumi na mbili asubuhi, ili ikifika saa mbili tuwe tumeanza. Tulipitisha kwa kauli moja, isipokuwa wale ambao walikuwa bado hawajafika.