Barua ya Wazi kwa TASAC: Tunaomba Ziwa Lipanuliwe

Ndugu Mkurugenzi Mkuu,

Tunakuandikia kutoka Itaka, wilayani Mbozi, ambako hatuna bahari wala bandari, ila migebuka wa Ziwa Tanganyika tunawala. Kwa kuwa usalama wa vyombo vya majini, vya maziwani vikiwemo, uko mikononi mwa ofisi yako, tunaleta ombi dogo: ziwa hilo lipanuliwe. Mkataba wa MARPOL wa kuzuia uchafuzi utokao melini, ambao Tanzania imeuridhia, unaruhusu majitaka ghafi ya vyoo vya meli kumwagwa zaidi ya maili 12 za baharini kutoka nchi kavu, yaani kilomita 22 na ushei. Bahari ya Hindi inalimudu hilo. Ziwa letu lina upana wa wastani wa kilomita 50 hivi. Ondoa 22 za upande wetu na 22 za upande wa Kongo, kinachobaki katikati ni uchochoro wa kilomita tano au sita, tena unaopitiwa na mpaka. Nahodha mwenye adabu itabidi awaombe abiria wajikaze mpaka uchochoroni.

Wapo watakaosema meli ni chache na ziwa lina kina cha mita 1,470, uchafu utapotelea humo. Ungepotea kama maji yangekuwa yanaondoka. Mto unaotoka ziwani ni mmoja tu, Lukuga. Maji mengi huondoka kama mvuke, na mvuke haubebi kinyesi. Mei 2015 wakimbizi wa Burundi walirundikana ufukweni Kagunga, wakanywa maji ya ziwa, na mkoani Kigoma watu wapatao 3,000 wakaugua kipindupindu. Meli hazikuwa na kosa hapo, tukubali, lakini kina chote kile hakikumsaidia aliyechota ukingoni.

Kama ziwa halipanuliki, basi kila meli ihifadhi majitaka yake tangini hadi gatini. Watauliza kwa nini zianze meli, wakati miji na mitumbwi nayo inachafua. Kwa sababu meli ina mmiliki, cheti na gati linalojulikana, na mkaguzi wake ni wewe. Tangi la majitaka hufungwa meli ikiwa chelezoni. Pampu ya kulinyonya ikae Kigoma na Kasanga. Asiye na tangi anyimwe cheti, kama anavyonyimwa asiye na majaketi okozi. Nchi nne za ziwa zilisaini mkataba wa kulihifadhi, Dar es Salaam, mwaka 2003, kwa hiyo majirani hawatashangaa tukianza.

Majibu yapelekwe moja kwa moja Kigoma, mji unaokunywa maji ya ziwa hilo. Sisi tutasimuliwa na wauza dagaa.

Mkazi wa Itaka