Miwani Hayupo

Kama mkanda wa mashine usingekatika, nisingefukua lile rundo la pumba, na mama mkwe wangu asingelala gesti.

Nina mashine ya kukoboa mpunga hapa Runzewe, hatua chache kutoka barabara inayopitisha malori ya Rwanda na Burundi usiku kucha. Pumba nazilundika uani hadi wachoma tofali waje kuzichukua. Rundo likikaa linafukuta kwa ndani kama tumbo la ng'ombe, na mvua ikilinyeshea linashika unyevu. Mwezi Aprili nilikuwa natafuta spana iliyodondokea humo, mkono ukagusa kitu laini. Mayai kumi meupe, marefu kidogo, yameshikana, ganda kama ngozi ya kiatu kilicholowa.

"Ya kenge," nikasema, maana mwenye mashine lazima awe na jibu.

Binti yangu wa kidato cha pili akasema hapana, na tusiyageuze, kwa sababu kiumbe hujishikiza upande mmoja ndani ya yai, ukimgeuza anakufa. Tukayahamisha vilevile yalivyolala, pamoja na pumba zake, hadi kwenye ndoo ya rangi. Mfuniko, tofali juu ya mfuniko, kufuli kwenye stoo ya mashine.

Wa kumaliza ubishi alikuwa baba mkubwa. Ujanani kwao Magu alicheza na Bayeye, wale Wasukuma wa ngoma ya chatu mabegani; ukienda Bujora, pale Kisesa, utasimuliwa habari zao. Akachungulia ndoo kwa muda mrefu.

"Si ya kifutu. Kifutu huzaa watoto, hatagi. Inaweza kuwa swila, inaweza kuwa yule mpole wa majumbani. Tusubiri."

"Tusubiri watoke ndipo tujue kama ni swila?" mama watoto akauliza.

"Ndiyo, mayu."

Tangu siku hiyo mama watoto hakukanyaga stoo.

Juni wakaanguliwa. Kila kimoja kilichana ganda kwa kijino cha ncha ya mdomo, kikatoa kichwa, kikautazama ulimwengu, kikarudi ndani kufikiri. Mayai mawili yalikuwa yameota ukungu, wakatoka wanane. Baba mkubwa akawasogelea na fimbo: kahawia, na kila upande wa kichwa mistari miwili iliyopauka. "Wa nyumbani. Hana sumu. Panya anamkaba tu."

Mimi nilitaka tuwaachie siku hiyohiyo. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2009 haimruhusu mtu kufuga mnyama wa porini bila kibali, na sina kipaji cha kujieleza mbele ya askari. Lakini mmoja alikuwa bado na kipande cha kiini kinaning'inia tumboni, na binti akaapa kwamba akilazwa kwenye kitambaa kibichi kitakauka na kudondoka chenyewe. "Wakijivua gamba la kwanza tu, baba. Siku kumi."

Kiini kilidondoka. Siku kumi zikawa wiki tano.

Nchi hii ilifundishwa kujivua gamba na CCM mwaka 2011, tukaimba wote, ila hakuna aliyetuambia ufanye nini gamba likigoma. Kiangazi cha huku ni vumbi na ukavu mtupu. Macho ya wale wadogo yaliingia ukungu wa buluu, kisha saba wakavua kama mtu anavyovua soksi. Wa nane akavua vipande vipande. Nyoka hana kope. Jicho lake limefunikwa na gamba angavu linalotoka pamoja na ngozi. Kwa huyu yalibaki yote mawili, na pete ya ngozi kavu ikakaza ncha ya mkia. Watoto wakamwita Miwani.

Baba mkubwa akaitwa tena. Akakaa kimya, akaomba maji ya kunywa. "Dawa zetu ni za mtu aliyeumwa na nyoka," akasema. "Nyoka anayeumwa mwenyewe sikufundishwa."

Nikachukua kibano cha nyusi. Binti akapiga kelele: ukilivuta hilo gamba unaweza kuondoka na jicho. Ndipo mlango wa stoo ukafunguliwa. Mama watoto, na karai la maji ya vuguvugu, akiyapima kwa kiwiko kama alivyofanya kwa watoto wetu wote.

"Toka hapo."

Akaweka kitambaa kilicholowa ndani ya kopo lenye matundu, akamimina maji kidogo, Miwani akatiwa humo ajisugue mwenyewe. Baada ya nusu saa pete ya mkia iliteleza ikatoka. Na kwa wakati, maana ikikaza sana damu haifiki na ncha inakufa. Macho bado.

"Umeacha kuogopa?" nikauliza.

"Naogopa. Kesho tena."

Wenzake walishaanza kula vitoto vya panya, vile vyekundu vya chini ya magunia. Sumu yangu ya panya ilifichwa, eti panya aliyekula sumu humuua na nyoka. Jirani mwenye duara la dhahabu naye akaja kutaka mmoja wa kuweka shimoni, alete bahati. Ukanda huu wote hadi Geita dhahabu inasingiziwa kila kitu. Nikakataa. Akaongeza elfu ishirini. Nikakataa tena, polepole zaidi.

Ndipo mama mkwe akashuka kutoka Kahama. Kwa sababu ya baridi ya usiku Miwani alikuwa amehamishiwa jikoni, karibu na jiko lenye majivu. Nani aliacha kopo wazi, uchunguzi unaendelea.

Usiku mama mkwe akafungua Biblia. "Mjukuu wangu, niletee miwani."

Kitindamimba akaenda, akarudi. "Bibi, Miwani hayupo."

"Sema haipo."

"Hayupo, bibi. Katoka kwenye kopo."

Bibi akacheka, mpaka alipomwona binti yangu amelala kifudifudi na tochi chini ya kochi alilokalia.

Mkwe na mkwe hawazungumzi ana kwa ana kuhusu mambo ya chini ya kochi. Nikamwambia mke wangu, "Mwambie mama hana sumu."

"Anasema hana sumu."

"Mwambie nimesikia," ikajibu sauti kutoka juu ya meza. Gesti ya ng'ambo ya barabara nililipa mimi.

Saba tuliwaachia Agosti nyuma ya mashine. Miwani hakuonekana.

Septemba mama watoto alisogeza kabati la vyombo, akatoka na gamba zima, jembamba kama ganda la kitunguu: mkia hadi ncha, na macho yote mawili yamo, meupe kama shanga za kioo. Akalinyoosha mezani, akalipima kwa tepu yake ya ushonaji. Sentimita 34.

"Mama asiambiwe," akasema.

Nikauliza kile kifuniko chenye maji nyuma ya kabati ni cha nani. Akasema cha vifaranga.

Hatufugi kuku.