Mwalimu, Filimbi ya Kiayalandi na Mchi wa Mama Mkwe

Kifurushi kilitoka Dar es Salaam kwa basi, kikalala Same mjini, kisha kikapandishwa kwenye basi la Kihurio kupitia Kisiwani, Maore na Ndungu, huku katoni za sabuni zikiwa zimekilalia njia nzima. Kondakta, Mchaga wa Rombo, alikipima kwa mkono na kumtazama mwenyewe.

“Mwalimu, umeagiza bunduki?”

Mwenye mzigo, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi ambaye hapa ataitwa Mwalimu tu maana watani anao wa kutosha, alijibu kwamba ni filimbi ya Kiayalandi. Kondakta akatafakari kidogo, kisha akatangazia basi zima: “Mpare kanunua kitu kisicholiwa. Leo mvua itanyesha.” Abiria walicheka hadi walipoanza kushuka.

Wa kulaumiwa alikuwa mjukuu na simu yake. Siku moja alimchezea babu yake video ya Matt Molloy, mzaliwa wa Roscommon aliyejiunga na kundi la The Chieftains mwaka 1979, akipuliza filimbi nyeusi ya mbao kwa namna ambayo msikilizaji anajikuta anavuta pumzi kwa niaba ya mpigaji. Sasa, Upare wa Kusini ni nchi ya kwaya. Wamisionari Waadventista walifika Giti mwaka 1903, na tangu hapo nyimbo za sauti nne zimekuwa sehemu ya maisha. Mwalimu mwenyewe amefundisha do-re-mi kwa besi wakaidi kwa miaka mingi, na sikio lake halidanganyiki. Aliitaka filimbi ile. Akauliza bei.

Filimbi ya mbao isiyo na vibonyezo, kutoka kwa fundi mwenye jina, huanzia mamia ya dola na kuendelea. Yenye vibonyezo hufika dola elfu kadhaa. Mwalimu alizigeuza dola zile kuwa magunia ya mpunga na akaona shamba lake lote la bondeni likipita mdomoni kwa mtu mmoja. Hapo ndipo alipopata mtandaoni filimbi “ya Kiayalandi” ya bei ya kutupa, vibonyezo vya rangi ya fedha vimepangwa kifuani, na sanduku la bluu la kitambaa juu. Mwalimu huyu ndiye aliyefundisha watoto hesabu za faida na hasara kwa maisha yake yote.

Filimbi ilikuwa nzuri sana kuitazama. Tatizo lilianza ilipopulizwa. D ya chini ilitoka kama birika linalokaribia kuchemka, na ya juu haikukubali kwamba ni ndugu yake. Wapigaji wa muziki huu wana jina la kejeli kwa bidhaa za aina hiyo, nyingi zikitoka Pakistan: wanaziita vitu vyenye umbo la filimbi. Mbao yake huwa nyepesi, tundu la kupulizia limechongwa kwa haraka, na vibonyezo vinavyong’aa havizibi vizuri. Kipimo chake ni rahisi. Ziba matundu yote kwa vidole, ziba na upande wa mwisho, halafu nyonya hewa kupitia upande wa juu wa kiwiliwili. Ikiwa nzima, inashika ulimi. Ikiwa mbovu, unaishia kunyonya upepo wa Kihurio. Mwalimu alinyonya upepo.

Watu wengi huanzia kwenye mbao wanapochagua filimbi, kumbe wangeanza na tundu la kupulizia. Ubora wa sauti unakaa zaidi kwenye ukingo wa tundu hilo, pale pumzi inapokatwa, na kwenye shimo la ndani, ambalo huanza na upana wa takriban milimita 19 kichwani na kupungua taratibu kuelekea mwisho. Fundi akikosea hapo, mti bora duniani hautamwokoa. Mengine ni ya kawaida: filimbi ya muziki huu huwa ya ufunguo wa D, ina matundu sita ya vidole, na ile isiyo na kibonyezo hata kimoja inatosha kwa sehemu kubwa ya nyimbo zake.

Jambo la kuchekesha ni kwamba ala hii haikuzaliwa Ayalandi. Ni filimbi ya orkesta ya karne ya 19, ya watengenezaji kama Rudall & Rose wa London. Mjerumani Theobald Boehm alimsikia Charles Nicholson akipiga filimbi yenye matundu makubwa huko London mwaka 1831, akarudi nyumbani na wivu, na kufikia mwaka 1847 alikuwa amebuni filimbi ya chuma yenye vibonyezo vingi ambayo hatimaye ilishinda karibu orkesta zote. Zile za mbao zikakosa heshima, zikashuka bei, na Waayalandi wakaziokota. Kuanzia kwa mitumba na kuishia kuwa bingwa wa dunia: hilo Mtanzania hahitaji kufafanuliwa.

Kiangazi kilipofika tambarare, joto lilimalizia kazi. Filimbi ya Mwalimu ilipasuka kichwani, ufa mrefu ulionyooka. Si ajabu. Vichwa vingi vya aina hii vina bomba la chuma ndani. Mbao inapokauka husinyaa, chuma hakisinyai, na anayeshindwa ni mbao. Hata filimbi nyingi za Rudall zilizohifadhiwa kwa mapenzi yote zina ufa mahali hapohapo. Dawa ni kuipiga kwa muda mfupi mfupi ikiwa mpya, kuifuta ndani kwa kitambaa kila baada ya kupiga, na kuipaka mafuta, ambayo mafundi wengi hupendekeza yawe ya lozi. Mwalimu alipaka mafuta ya kupikia. Usiku panya wakaja, wakala ganda laini la kuzibia kwenye maungio, wakaacha ufa.

Wapare wanasingiziwa kwamba wako radhi kuuza ng’ombe ili washinde kesi ya kuku. Ni uongo mtupu. Mwalimu alikuwa tayari kuuza mbuzi tu ili amshtaki muuzaji wa filimbi. Kesi ilikufa alipogundua kwamba muuzaji hana anwani, na mbuzi akanusurika.

Ni baada ya hapo ndipo aliposoma kuhusu mti ambao mafundi wa siku hizi wanaupenda kuliko mingine, akacheka peke yake barazani. Ni mpingo. Uingereza ya zamani ilitumia zaidi mti wa kokasi kutoka visiwa vya Karibi. Ulipoadimika, mpingo wa Afrika ukachukua nafasi. Mti huu unaota tangu nyika za Mkomazi, jirani na Kihurio, hadi Lindi. Ndio unaotengenezewa zumari nyingi za orkesta na zumari za mifuko za Waskoti, na ndio Wamakonde wanaouchonga. Kiini chake ni kizito kiasi cha kuzama majini, na huchukua miongo kadhaa kufikia unene wa kuvunwa. Mafundi huviacha vipande vyake vikauke kwa miaka kabla ya kuvigusa.

Miaka! Mwalimu akageuza shingo taratibu kuelekea jikoni. Pale, umeegemea kinu, ulisimama mchi wa mama mkwe: mpingo safi, mweusi, wa urithi, uliokauka kwa miongo ya kutwanga mahindi ya makande.

Fundi seremala alipokea kazi kwa ujasiri. Keekee yake ya kwanza iliungua. Ya pili ilizunguka na kupoteza makali. “Mwalimu,” alisema akifuta jasho, “huu umetoka msituni au kwenye karakana ya reli?” Mafundi wa Ulaya hukata filimbi vipande vitatu au vinne ili kila shimo liwe fupi, hutoboa kwa hatua, kisha hupanua kwa chombo kirefu chembamba mbele na kipana nyuma. Fundi wetu alitoboa mchi mzima kwa mkupuo. Keekee ya tatu ikapotea njia na kutokea ubavuni.

Mama mkwe hakupandisha sauti. Aliuinua mchi, akachungulia tundu la ubavuni, akasema: “Mkwe wangu, nilikupa binti na sikukuuliza kitu. Huu mchi nilikupa lini?” Wazee wakaitwa. Mwalimu aliamriwa kuleta mchi mwingine wa mpingo, akaeleza kwa unyenyekevu kwamba kukata mpingo bila kibali cha misitu ni kosa. Mzee mmoja akamuuliza mbona kuutoboa hakuhitaji kibali. Mwisho wake ulikuwa mchi wa mkwaju, pamoja na mbuzi yuleyule aliyenusurika kwenye kesi.

Mpingo halali upo. Vijiji vya Kikole na Kisangi wilayani Kilwa vilipata cheti cha FSC mwaka 2009 kwa kusimamia misitu yao vizuri, na marehemu Sebastian Chuwa wa Moshi alishirikiana na Mmarekani James Harris kuanzisha mradi wa kupanda mipingo mwaka 1996. Biashara ya kimataifa ya mti huu imekuwa chini ya masharti ya CITES, mkataba wa kulinda viumbe walio hatarini, tangu Januari 2017, ila ala za muziki zilizokamilika zilisamehewa mwishoni mwa mwaka 2019. Michi haikutajwa.

Mwalimu sasa anapuliza filimbi ya plastiki ngumu nyeusi ya aina inayotengenezwa Ayalandi na mafundi kama Desi Seery, wanaochonga tundu la kupulizia kwa uangalifu uleule wanaoupa mpingo. Anashuka nayo Kihurio kwenye joto, anapanda nayo milimani hadi kwenye baridi ya Mamba siku hiyohiyo, na haijawahi kulalamika. Panya hawaitaki. Mama mkwe huikagua kila Jumapili, aitazame rangi, kisha aende kuhesabu michi yake.

Kwa anayeanza, hiyo ndiyo ya kununua: ya D, isiyo na vibonyezo, kutoka kwa fundi anayejulikana kwa jina, na iwe imesikika ikipigwa kabla ya kulipwa. Anayetaka ya mpingo aandikishe jina mapema, kwa sababu kwa mafundi maarufu foleni inaweza kuwa ya miaka.